Usiuze rili ya babu kwa kilo

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita Mapinga, Kerege na Kiharaka na mizani zao hawachagui. Wanachukua sufuria iliyotoboka, rimu ya baiskeli, pasi ya mkaa isiyofunga, na mara nyingine kitu ambacho hata wao hawakijui jina: mashine ndogo, nzito, yenye mkono wa kuzungushia, rangi imebabuka na chumvi imeganda kwenye maungio. Wanaipima, wanatoa noti moja, wanaondoka.

Kitu hicho ni rili, mashine ya kukunjia mshipi wa kuvulia samaki. Za zamani nyingi zina mwili wa chuma na giya za shaba, na ndiyo maana mnunuzi wa chakavu anazipenda. Uzito wake ndio bei yake.

Rili hazijawahi kuwa nyingi katika pwani yetu. Wazee wengi wa Bagamoyo walivua kwa mshipi wa mkononi: uzi, ndoana, chubwi, chambo na vidole vya mvuvi mwenyewe. Waliomiliki rili mara nyingi waliipata kwa mtu, labda mgeni aliyekuwa anarudi kwao, labda mwenye boti waliyemfanyia kazi. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu ipo moja, imefungwa gunia na kuwekwa darini au nyuma ya kabati, kuna uwezekano mkubwa kwamba ina mtu wake, na mtu huyo sasa ni mzee.

Mimi naandika habari za afya, si za uvuvi. Nimefika kwenye rili kwa sababu ya swali ambalo nalisikia kila nikizungumza na familia zinazoishi na mzee anayeanza kusahau. Wanajua habari za dawa, wanajua kumpeleka kliniki. Wasichokijua ni kidogo zaidi na ni kigumu zaidi: jioni, mkiwa mmekaa barazani, mtaongea naye nini?

Ukimuuliza alikula nini mchana, hakumbuki. Ukimuuliza leo siku gani, anakasirika au anatazama chini. Watoto wanacheka kidogo, kisha wanachoka, kisha wanahamia kwenye simu. Baada ya miezi michache mzee anakaa peke yake, na kila mtu ndani ya nyumba anajiambia kwamba ndivyo uzee ulivyo.

Babu yangu mzaa mama, anayeishi Mapinga, alifikia hapo. Alikuwa anaulizia ngalawa yake iliyokwishauzwa miaka mingi. Akijibiwa kuwa iliuzwa, anahuzunika kama ndiyo kwanza anasikia, na baada ya nusu saa anaulizia tena. Mama alikuwa amechoka. Mjomba alikuwa anasema mzee amerogwa na mtu wa ukoo, maneno ambayo yalitosha kugawa familia nzima.

Siku moja mtoto wa binamu yangu, mwenye miaka 11, alitoa rili stoo ili aiuze kwa mnunuzi wa chakavu apate hela ya bando. Alipopita nayo barazani, babu alinyoosha mkono akaidai. Akaipindua, akafungua kifuniko cha upande kwa sarafu, akanusa grisi, akasema imekauka. Kisha akamwuliza mtoto mshipi uko wapi. Mtoto alipouleta, babu alifunga ndoana bila kuangalia. Fundo lenyewe nimejaribu kuliiga mara kadhaa na bado linanishinda.

Halafu ikaja habari ya kolekole.

Ilikuwa mwisho wa kaskazi, alisema, siku za maji mafu, bahari imelala. Alikuwa amempeleka mwenye boti, mgeni, kwenye mwamba nje ya Mbudya. Mgeni alikuwa anatapika. Rili ikaanza kulia, mshipi unatoka wenyewe, na babu akaishika kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuishika. Kolekole akikamatwa haji juu; anakimbilia mwamba ili akate mshipi. Babu alikaza breki kidogo, akalegeza, akakaza, boti ikavutwa. Alimaliza habari akitoa uzito wa samaki: nusu mfuko wa saruji.

Wiki iliyofuata uzito ulikuwa mfuko mzima. Sikubishana naye. Kolekole mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu rasmi za dunia za uvuvi wa michezo alivuliwa Japani mwaka 2006 na alikuwa na kilo 72, kwa hiyo babu bado ana nafasi ya kuongeza.

Kwa nini ya zamani yanabaki

Kilichonishangaza si kwamba babu anakumbuka. Ni kwamba mtu asiyejua kama amekunywa chai anaweza kusema upepo ulikuwa unatoka wapi asubuhi ya zaidi ya miaka 40 iliyopita. Familia nyingi zikiona hivyo hudhani mzee anaigiza. Haigizi.

Ubongo hauweki kumbukumbu zote ghala moja. Habari mpya, kama nani amekuja leo na ufunguo umewekwa wapi, hupitia sehemu ndogo ya ndani ya ubongo iitwayo hipokampasi. Katika ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo kikubwa zaidi cha dimensia, sehemu hiyo na jirani zake huwa miongoni mwa zinazoumia mwanzo. Ndiyo maana jana inapotea kabla ya ujana. Kumbukumbu za kati ya miaka 10 na 30 hivi huwa imara kuliko nyingine kwa watu wengi, hata wasio wagonjwa. Ni umri wa mambo ya mara ya kwanza: kazi ya kwanza, mchumba wa kwanza, samaki mkubwa wa kwanza.

Stadi za mikono nazo zina njia yake. Kufunga fundo, kupiga kafi, kusuka ukili, kukuna nazi, haya hayategemei hipokampasi kwa kiasi hicho, na mzee anaweza kuyafanya muda mrefu baada ya kushindwa kuyaeleza kwa maneno. Mpe kitu mkononi na mkono utaanza kabla ya ulimi.

Madaktari wametumia jambo hili kwa miongo kadhaa. Mwaka 1963 daktari wa akili wa Marekani, Robert Butler, aliandika kwamba wazee kurudia rudia habari za zamani si dalili ya kuharibikiwa, bali ni kazi ya kawaida ya nafsi katika umri huo. Kabla ya hapo wauguzi wengi walifundishwa kumkatisha mzee na kumrudisha kwenye mambo ya leo. Baadaye ukatokea utaratibu wa kukaa na wazee na vitu vya ujana wao, picha, nyimbo, zana za kazi, na kuwaacha waongee.

Je, inasaidia? Niseme ukweli, kwa sababu mitandaoni kuna watu wanauza matumaini. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane mwaka 2018 yaliona faida zipo lakini ni ndogo, na zinatofautiana kati ya mahali na mahali: mazungumzo yanakuwa bora kidogo, hali ya maisha nayo kwa baadhi ya watu. Haiponyi. Haizuii ugonjwa kuendelea. Babu bado anaulizia ngalawa. Tofauti ni kwamba sasa anaulizia akiwa na mtoto pembeni, na mtoto anamwuliza tanga lake lilikuwa la rangi gani.

Hapa nchini kuna ushahidi wa karibu zaidi. Katika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walipima wazee wa vijijini wenye miaka 70 na kuendelea, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha dimensia kwa takriban asilimia 6.4 yao. Ni kama mzee mmoja kati ya kila 16. Baadaye hukohuko Hai walijaribu mazoezi ya akili ya vikundi yaliyorekebishwa yafae mazingira ya kijijini, na washiriki wakaonyesha nafuu katika kumbukumbu na hali ya maisha. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ilifanyika bila mashine za gharama.

Kabla hamjasema ni uzee

Mzazi unayesoma hapa, hasa wewe uliye katikati, una watoto wa shule upande huu na wazazi wanaozeeka upande ule: usianze na rili. Anza na kituo cha afya.

Kuna mambo yanayofanana na dimensia ambayo yanatibika. Msongo mkubwa wa huzuni baada ya kufiwa. Upungufu wa vitamini B12. Tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Kisukari kisichodhibitiwa. Maambukizi ya mkojo, ambayo kwa mzee yanaweza kuleta kuchanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili bila hata kulalamika maumivu. Dawa nyingi zinazomezwa pamoja. Mzee akichanganyikiwa ghafla, hiyo ni dharura. Dimensia ya kawaida huja polepole, kwa miezi na miaka.

Masikio na macho pia. Nimeona mzee akihukumiwa kuwa amesahau kumbe hakusikia. Wavuvi wa zamani wametazama mng'ao wa jua juu ya maji maisha yao yote, na jua hilo huongeza uwezekano wa mtoto wa jicho na ule unyama unaoota kutoka pembeni mwa jicho. Mtoto wa jicho hutolewa kwa upasuaji mfupi. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mwaka 2024 mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, yakiwamo shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, upweke, uziwi na upungufu wa kuona usiotibiwa, na likakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimensia duniani vinahusiana nayo.

Kuhusu gharama, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60 na inataja haki ya matibabu bila malipo kwa wasio na uwezo. Hospitali nyingi za umma zina dirisha la wazee. Nenda na kitambulisho chake, dawa zake zote ndani ya mfuko, na orodha fupi ya mlichokiona na tarehe mlipoanza kukiona. Orodha hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo ya haraka ya kwenye foleni.

Na habari ya kurogwa, jamani, tuiache. Kumtafuta mchawi kunachukua fedha ya vipimo na kunawafukuza majirani ambao mtawahitaji siku mzee atakapopotea njia.

Rili inafanyaje kazi

Watoto huuliza hivyo, na jibu ni tamu kuliko nilivyotarajia. Mwaka 1905 Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, alipata hataza ya rili ambayo gurudumu lenye uzi halizunguki. Kinachozunguka ni mkono mdogo unaoulaza uzi juu yake, kama uzi unavyotoka kwenye kibiringo kiwandani. Ukirusha chambo, uzi unateleza wenyewe kutoka kwenye ncha bila kuvutwa na gurudumu zito, kwa hiyo hata chambo chepesi kinafika mbali. Uzi wa nailoni ulipoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuenea baada ya Vita ya Pili ya Dunia, rili za aina hiyo zikaenea nao. Ufaransa walitengeneza Mitchell, Marekani wakatengeneza Penn, kampuni iliyoanza Philadelphia mwaka 1932.

Ndani kuna breki, vibati vilivyopangwa juu ya gurudumu la uzi. Ukiikaza sana, samaki anakata mshipi. Ukiilegeza sana, anafika kwenye mwamba. Mvuvi wa mshipi wa mkononi anafanya kazi hiyohiyo kwa ngozi ya vidole, na ndiyo maana wazee wengi wa pwani wana makovu kwenye kiungo cha kidole cha shahada. Mwulize wako akuonyeshe.

Marekani, upande wa Atlantiki, wazee wanazitunza rili hizi kama sisi tunavyotunza kanga ya bibi, kwa ajili ya samaki wa mistari anayeitwa striped bass, ambaye huvuliwa ufukweni usiku. Aliyevunja rekodi mwaka 1982, New Jersey, alikuwa na kilo 35 na ushei. Ilichukua hadi 2011 kupatikana mkubwa zaidi yake. Kwa karibu miaka 30 kila baba alimsimulia mwanawe samaki huyo. Kwa kipimo cha babu, hata mfuko wa saruji hajafika.

Masimulizi haya yana kazi nyingine nje ya kliniki. Mtaalamu wa uvuvi Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha watafiti huichukulia bahari waliyoikuta kuwa ndiyo bahari ya kawaida, kwa hiyo upungufu unapita bila kuonekana. Mfano wake ulikuwa babu wa mwenzake mmoja, mvuvi wa bahari ya Kattegat, kati ya Denmark na Sweden, ambaye miaka ya 1920 alikuwa akikereka na majodari wakubwa waliokuwa wakinasa kwenye nyavu zake, kwa sababu wakati huo hawakuwa na soko. Hakuna mvuvi wa leo anayekerwa na jodari.

Pwani yetu uvuvi wa baruti ulianza miaka ya 1960 na uliendelea kwa miongo licha ya kupigwa marufuku. Miamba ya Mbudya na Bongoyo imo ndani ya hifadhi za bahari tangu 1975, na bado ililipuliwa. Mzee anaposema palikuwa na chewa wa kumbeba watu wawili kwa mti begani, mtoto anaona ni hadithi. Mwacheni aseme mahali, msimu na aina ya chambo, na mmoja wenu arekodi kwa simu. Simu mnayosomea makala hii inatosha.

Watoto watauliza pia kama samaki wakubwa hivyo wanalika. Wanalika, lakini mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wapunguze papa na nduwaro, kwa sababu samaki wawindaji wanaoishi miaka mingi hukusanya zebaki mwilini, na zebaki hudhuru ubongo unaokua. Vibua, dagaa na changu wadogo ni salama zaidi, wana mafuta mazuri kwa ubongo huohuo, na wanauzwa kwa bei ambayo familia inaimudu.

Mkiitoa stoo

Kwanza ondoeni ndoana zote. Rili bila ndoana inatosha kabisa kwa mazungumzo, na kama mzee anataka kufunga fundo, mkate ncha kwa koleo au mmpe pete ya ufunguo afungie. Ndoana ikimwingia mtoto mwilini, zaidi ya juujuu, msiivute kwa nguvu; ile kimbavu ya nyuma ya ncha inachana nyama. Mpelekeni kituo cha afya, na mwulizeni mhudumu kuhusu chanjo ya pepopunda. Ikiwa ni karibu na jicho, msiguse kabisa.

Osheni rili kwa maji baridi yasiyo na chumvi na mswaki wa zamani, si kwa petroli mbele ya watoto. Ikaukie kivulini. Tone la mafuta ya cherehani kwenye mhimili, grisi kidogo kwenye giya. Ikikwama msilazimishe, mpeni mzee, kisha msubiri. Anaweza kukaa nayo nusu saa bila kusema neno, na nusu saa hiyo si bure.

Msimpime. Swali la unakumbuka linamweka mtu kwenye chumba cha mtihani. Afadhali mtoto aulize huyu aliliaje, au mkono wako uliweka wapi. Akichanganya watu au miaka, mfuateni. Akianza kulia kwa sababu ya mwenzake aliyezama, msikimbilie kubadilisha mazungumzo. Mshikeni mkono, mleteeni maji, na siku hiyo rili irudi kwenye gunia.

Kwa wanaoishi karibu na ufuo, kama huku kwetu, kuna hatari moja ya kuwekea mpango mapema. Mzee aliyeshika rili asubuhi anaweza kuamua mchana kwamba kuna safari. Babu alikutwa mara mbili njiani kuelekea baharini, kafi begani, akiuliza maji yamejaa saa ngapi. Sasa wauza samaki na vijana wa bodaboda wa pale kituoni wana namba ya mama, na babu ana kipande cha karatasi ndani ya kofia yake chenye namba hiyohiyo. Mara ya tatu alirudishwa na kijana wa bodaboda kabla hatujajua kwamba ametoka, na njia nzima alikuwa akimweleza jinsi ya kukaza breki.